Kaa Nyuma Kwanza

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kusimamia magari ya ofisi moja hapa Dar es Salaam, na kosa linaloniuma mpaka leo lilihusu gari zuri kuliko yote tuliyowahi kununua. Mkurugenzi wetu alikuwa mtu mrefu, magoti yameanza kumsumbua, na maisha yake yalikuwa barabarani: asubuhi Posta, mchana Mikocheni, jioni uwanja wa ndege kupokea wageni. Tukaamua kumtafutia gari la saluni la Kijerumani, jeusi, lililotumika Japani na kutunzwa vizuri. Tulikwenda watatu kulikagua. Fundi aliendesha, mhasibu akakaa mbele kushoto, mimi nikabaki nje nikitazama rangi na matairi. Wote tuliridhika.

Wiki haikuisha, mkurugenzi akaniita garini akaniomba nikae pale anapokaa yeye. Magoti yangu yaligota kwenye mgongo wa kiti cha mbele, nami si mrefu. Gari lilikuwa la toleo fupi. Tulikuwa watu watatu, tukatumia nusu siku nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa kwenye kiti tulichokuwa tunakinunua.

Ndiyo maana anayeniuliza leo anunue gari gani la kuendeshwa na dereva, namrudishia swali: atakayekaa nyuma ni nani, na ameshakaa humo? Gari la kujiendesha mwenyewe unalinunua kwa mikono na macho. Unashika usukani, unasikiliza injini, unatazama mbele. Gari la kuendeshwa unalinunua kwa mgongo, magoti, shingo na masikio. Ni ununuzi mwingine kabisa, lakini sehemu nyingi za kuuzia magari hapa kwetu bado zitakupa ufunguo zikuambie uzungushe gari mtaani, ukae mbele, urudi uulize bei.

Kwanza tukubaliane kiti chenyewe ni kipi. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto na usukani uko kulia, kwa hiyo kiti cha mkubwa ni nyuma kushoto. Heshima ipo, lakini sababu ni za miguu na usalama. Anayekaa hapo hushukia ukingoni mwa barabara, mbali na bodaboda zinazopita. Kiti kilicho mbele yake hakina dereva, hivyo kinaweza kusogezwa mbele mpaka mwisho. Mercedes-Benz wameliingiza jambo hilo katika S-Class zenye viti vya nyuma vya hadhi ya juu: kiti cha abiria wa mbele husogea mbele kuliko kawaida, na mgongo wa kiti cha nyuma hulala hadi nyuzi 43.5. Ila kama mkubwa wako hutembea na mlinzi au katibu anayekaa mbele, futa hesabu hiyo. Kiti cha mbele kitarudishwa nyuma ili mlinzi akae vizuri, na nafasi yote uliyoilipia itakuwa imechukuliwa na yeye. Jaribu gari huku mlinzi huyo akiwa amekaa mbele.

Burundi, Rwanda na Kongo wanaendesha kulia, na kiti hicho huhamia nyuma kulia. Mwenye gari la Kijapani la usukani wa kulia Bujumbura ana jambo la ziada la kufikiria, kwa sababu hapo dereva anakaa mbele ya mkubwa moja kwa moja. Nafasi ya miguu ya bosi inategemea urefu wa miguu ya dereva.

Sasa kuhusu lile toleo fupi lililotuadhiri. Magari makubwa ya saluni ya Ulaya yametengenezwa kwa miaka mingi kwa urefu wa aina mbili. BMW ya 7 Series ilijitambulisha kwa herufi moja tu: 740i ni fupi, 740Li ni ndefu. Kuanzia toleo la 2022 wameacha kutengeneza fupi. Kwa Mercedes usitegemee maandishi ya nyuma ya buti. Chukua tepu ya fundi upime kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma. Kwa S-Class iliyoingia sokoni 2013, fupi ina milimita 3035 na ndefu 3165. Hizo sentimita 13 zote zimekwenda kwenye miguu ya anayekaa nyuma, na ukishajua hivyo utaiona tofauti hata kwa macho, maana mlango wa nyuma wa gari refu unaupita wa mbele kwa upana. Muuzaji hatakuambia, pengine hata yeye hajui. Pima.

Saluni kubwa ina sifa ambayo magari mengine hayaifikii kirahisi, nayo ni utulivu. Imekaa chini, haiyumbi kwenye kona, na upepo haupigi kelele. Kwa mtu anayesoma nyaraka njiani au anayezungumza na simu muda wote, bado ndiyo chaguo langu, ilimradi barabara zake ni lami toka nyumbani hadi kazini. Lakini kuingia ndani yake ni kushuka na kutoka ni kupanda. Mzee mwenye maumivu ya nyonga atakuonyesha kwa uso wake kama gari linamfaa kabla hajasema neno. Kisha kuna matuta yetu, mengine yamejengwa na wananchi wenyewe kwa saruji usiku, bila kipimo. Saluni ndefu ina tumbo refu, na tumbo hilo ndilo linalokwaruza.

Tena nyingi kati ya hizo hazikalii springi za chuma. Zinakalia mifuko ya mpira iliyojazwa hewa kwa pampu, na ndiyo siri ya ulaini wake. Mpira huzeeka, hupasuka mikunjo, pampu hufanya kazi mchana na usiku kufidia hewa inayovuja, halafu nayo hufa. Kabla ya kulipa, omba gari lilale palepale bila kuwashwa usiku mzima, urudi asubuhi kabla hawajaliwasha. Kama kona moja imeinama, unajua kazi inayokungoja. Muuzaji anayekataa jambo dogo kama hilo amekwisha kukujibu.

Upande wa pili kuna Land Cruiser, lile ambalo wengi wetu tunaliita V8, ingawa la mfululizo wa 300, lililotoka 2021, halina tena injini ya silinda nane. Naliheshimu sana gari hili. Limebeba viongozi na wagonjwa, limefika pasipofikika. Lakini nitasema ninaloliamini: kwa anayekaa nyuma mjini, halistahili sifa zote linazopewa. Bodi yake imefungwa juu ya chesisi, na matairi yake ya nyuma yameunganishwa na ekseli moja nzima. Ujenzi huo unavumilia mateso, ila tairi moja likiingia shimoni, upande wa pili nao unahisi, na aliyekaa nyuma hutikiswa kichwa kushoto na kulia. Mbele dereva ana usukani wa kushikilia. Nyuma una mkono wa juu ya dirisha tu. Ongeza kupanda: mama mwenye kanga na magoti ya miaka sabini hapandi Land Cruiser, anapandishwa.

Kama safari zako ni za Katavi, Liwale au mashambani wakati wa masika, usinisikilize, chukua hilo hilo. Ila wengi wanaolinunua kwa ajili ya kusafiri Dodoma wafikirie upya. Tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Dodoma, na nawafahamu watu wazito ambao sasa hupanda treni, wakashuka wamenyooka mgongo, gari likawapokea stesheni. Gari linalobaki mjini linaweza kuchaguliwa kwa vigezo vya mjini.

Katikati ya saluni na Land Cruiser ndipo ilipokuja Toyota Alphard na ndugu yake Vellfire, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo gari ambalo watu wengi wanaosoma ukurasa huu wataishia kulinunua. Alphard ya kwanza ilitoka Japani 2002, ya pili 2008, ya tatu 2015, ya nne 2023. Sifa yake kubwa kwa anayekaa nyuma inaonekana mlango unapofunguka: sakafu iko chini, dari iko juu, mlango unateleza kando bila kuhitaji nafasi. Mtu anaingia akiwa karibu amesimama, anageuka, anakaa. Nimeona bibi harusi akiingia na gauni lake zima bila kushikiwa. Nimeona mzee aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goti akiingia mwenyewe, akakataa mkono wa mwanawe. Mvua ikinyesha, mlango ukifunguka kwenye upenyo mwembamba katikati ya magari mawili yaliyobanana Kariakoo, utaelewa kwa nini magari haya yameenea haraka kiasi hiki.

Lakini jina Alphard limebeba magari mengi yanayotofautiana sana, na wauzaji wetu huuza mwaka na taa. Wewe uliza mambo mawili. La kwanza ni kizazi. Alphard ya 2008 hadi mwanzoni mwa 2015 ina matairi ya nyuma yaliyounganishwa kwa boriti moja. Ile ya 2015 ilipewa mfumo ambao kila tairi la nyuma lina mikono yake na linapanda na kushuka peke yake. Kwenye lami mpya ya Barabara ya Bagamoyo huenda usione tofauti. Ingia barabara ya vumbi ya Mbezi Beach au Goba, ukiwa nyuma, na kiuno chako kitakusimulia. Katika toleo la 2023 Toyota walikwenda mbali zaidi, wakaweka bushi za mpira kwenye viti vya safu ya pili, na sponji laini inayopokea umbo la mwili, ili mtetemo ufie njiani kabla haujamfikia aliyekaa.

La pili ni daraja la viti. Kuna Alphard za watu wanane, zenye benchi safu ya pili, nzuri kwa familia yenye watoto, lakini benchi si kiti cha mkubwa hata kidogo. Kuna za watu saba zenye viti viwili vilivyotengana, vinavyolazwa kwa mkono. Juu yake kuna zile ambazo wauzaji huziita SC kwa Alphard na ZG kwa Vellfire za mwaka 2015 na kuendelea, ambazo viti vyake vya safu ya pili vinasogezwa kwa umeme na kuinua miguu. Na juu kabisa ni Executive Lounge, yenye viti vipana zaidi, egemeo pana la mikono na meza ndogo inayokunjuka. Kutoka nje, gari la benchi na Executive Lounge vinaweza kufanana kiasi cha kumdanganya jirani. Ndani ni kama stuli na sofa. Usilipe bei ya sofa ukapewa stuli.

Mwenye uwezo zaidi atatazama Lexus LM, iliyozinduliwa 2019 na kufanywa upya 2023. Toleo lake la 2023 la watu wanne lina ukuta kati ya dereva na abiria, na skrini ya inchi 48 kwenye ukuta huo. Ni gari zuri mno. Ila kwa sababu msingi wake ni ule ule wa Alphard, kumeota biashara ya kuvalisha Alphard uso wa LM na kuzing'oa siti zake, zikawekwa zingine za kupendeza za kununuliwa kando. Hili nalisema kwa uzito wote. Kiti si sofa iliyowekwa garini. Kiti cha kiwandani kimejaribiwa pamoja na boliti zake, reli zake, mkanda wake na wakati mwingine mfuko wa hewa uliofichwa ubavuni mwake. Ukikitoa ukafunga kingine chenye mota, taa na kikandio cha mgongo, huna hakika kitabaki sakafuni siku ya ajali, na nyaya zake zimepitishwa chini ya zulia na mtu usiyemjua. Inua zulia. Tazama boliti kama zimewahi kuguswa. Angalia kama mkanda unatoka pale ulipokusudiwa kutoka. Ukiona nyaya zilizofungwa kwa selotepu, ondoka, hata kama gari lina nyota za taa darini.

Nikirudi kwenye ulaini, kuna kitu kidogo kinachoharibu magari mengi mazuri hapa mjini, nacho ni rimu. Kijana wa duka atakuambia rimu kubwa ndizo zinazolipa gari hadhi. Basi watazame Toyota wenyewe. Executive Lounge ya 2023, gari la juu kabisa katika familia ya Alphard, kule Japani hutolewa na rimu za inchi 17 zenye tairi 225/65, wakati Vellfire inayouzwa kwa wapenda mwendo huvaa za inchi 19. Piga hesabu: asilimia 65 ya milimita 225 ni kama milimita 146 za ukuta wa mpira. Tairi la 235/50 linalovaliwa na Alphard nyingi za 2015 lina milimita 117.5 tu. Huo mpira ndio mto wa kwanza kati ya shimo na mgongo wako, kabla ya springi, kabla ya shokapu. Anayefunga rimu za inchi 20 anaukata mto huo kwa kisu, halafu anakwenda kwa fundi kulalamika kwamba shokapu zimekufa. Ukikuta gari zuri lenye rimu za namna hiyo, linunue kama bei inakubali, kisha rimu ziuze urudishe za kiwandani.

Kiti kinacholala ni raha, na watu wengi wanakilaza vibaya. Mkanda wa kiti umekusudiwa kushika mifupa ya nyonga na mfupa wa bega. Ukilala chali huku gari likienda kilomita 80 kwa saa, mkanda wa kiunoni hukaa juu ya tumbo, na dereva akifunga breki ghafla mwili huteleza chini yake. Kinachopokea nguvu yote ni tumbo. Laza kiti gari likiwa limesimama, au kwenye foleni ya Ubungo ambako hakuna mwendo. Gari likianza kukimbia, inua mgongo, acha miguu tu iwe juu kidogo kama unapenda. Na funga mkanda nyuma, hata kama ni safari ya kutoka Masaki hadi Oysterbay. Mkubwa anayefunga mkanda humfundisha kila atakayepanda naye.

Ngozi au kitambaa? Hapa wengi watashangaa. Toyota Century, gari ambalo Wajapani walilitoa 1967 kuadhimisha miaka mia tangu kuzaliwa kwa Sakichi Toyoda, na ambalo limebeba wakuu wa nchi yao kwa miongo, kwa kawaida huja na viti vya kitambaa cha sufu. Ngozi hupatikana kwa anayeitaka. Sufu haitoi mlio mtu anapojigeuza, na haichomi wala kubandika. Sisemi utafute sufu Dar es Salaam. Nasema usiikatae Alphard yenye viti vya kitambaa safi kwa sababu tu kuna mwenzake wa ngozi. Ngozi katika joto letu na unyevu wa pwani hubandika mgongoni, isipokuwa ile yenye vitundu na feni inayopuliza ndani ya kiti. Kama muuzaji anasema kiti kina feni, washa, weka kiganja, subiri usikie ubaridi.

Kiyoyozi kinapimwa saa saba mchana, si asubuhi. Liache gari juani, madirisha yamefungwa, kwa nusu saa. Ingia nyuma, washa, hesabu dakika mpaka hewa ya darini ianze kuwa baridi usoni mwako. Magari haya yana mabomba marefu ya gesi yanayokwenda hadi nyuma, na mara nyingi mbele kunapoa vizuri huku nyuma kunatoka upepo wa uvuguvugu. Dereva anaona gari zima kumbe mkubwa anatoka jasho. Hapa pia ndipo gari la haibridi linapojilipia. Kompresa yake ya kiyoyozi huendeshwa na umeme wa betri, hivyo likisimama nje ya mkutano linaendelea kupoa huku injini ikiwaka kwa vipindi tu. Kwa gari linalosubiri saa tatu kila siku, hayo ni mafuta mengi yanayookolewa, na ni kelele kidogo kwa majirani. Ila ukinunua haibridi iliyotumika, pima afya ya betri kwa fundi mwenye kompyuta, siyo kwa neno la muuzaji.

Milango ya kuteleza ifungue na kuifunga kwa swichi mara kumi mfululizo, kila upande. Ina mota na nyaya za chuma zinazoivuta, na nyaya hizo huchakaa. Mchanga ukijaa kwenye reli huchakaa upesi zaidi. Mlango unaosita mara ya saba leo utagoma mbele ya wageni kesho. Weka mfuko laini katikati ya mlango unapojifunga uone kama unarudi wenyewe. Usijaribu kwa mkono wa mtoto.

Kuhusu makaratasi nitapita haraka. Gari linalotoka kwenye minada ya Japani huwa na karatasi ya mnada. Itake, na tafuta herufi ya hali ya ndani pamoja na ile namba ya hali ya gari, kwa kuwa wewe unanunua ndani. Herufi R mahali pa namba maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa. Hesabu ushuru mapema: kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato, TRA, kiko wazi kwa kila mtu, na kwetu gari lenye miaka minane au zaidi huongezewa tozo ya uchakavu. Kenya hawapokei kabisa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Na usisahau kwamba skrini na vitufe vya kiti cha nyuma vinaweza kuwa vimeandikwa Kijapani, na redio za kule huishia masafa ya chini, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hazitasikika mpaka ufunge kibadilisha masafa. Ni mambo madogo, lakini mzee wako atakutana nayo kila siku.

Nimeacha la dereva mwisho kwa sababu lina uzito kuliko yote. Alphard ya kawaida mikononi mwa dereva mtulivu ni bora kuliko Mercedes-Maybach mikononi mwa mwenye pupa. Anayekaa nyuma haoni tuta linakuja. Haoni kwamba daladala limesimama mbele. Mwili wake haujajiandaa, kwa hiyo kila breki humjia kama taarifa ya ghafla. Dereva mzuri huliona hilo kwa niaba yake. Hupunguza mwendo mapema, hushika breki taratibu, na gari linapokaribia kusimama kabisa huilegeza kidogo ili pua isiiname na kurudi nyuma. Huingia tuta kwa mwendo wa mtu anayetembea na kuliacha gari lishuke lenyewe kabla ya kukanyaga mafuta. Weka chupa ya maji iliyojaa nusu kwenye meza ndogo ya nyuma, uitazame safari nzima. Itakuambia mengi kuliko cheti.

Vyeti pia ni vizuri. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, na VETA hufundisha madereva, na kumlipia dereva wako kozi ni matumizi bora kuliko kufunga skrini mpya. Unapomsaili dereva, usikae mbele kumwangalia mikono. Kaa nyuma kushoto, fungua gazeti, usizungumze naye. Ukifika mwisho wa habari moja bila kuinua kichwa, umempata. Kisha mwombe arudishe gari kinyumenyume kwenye uchochoro, maana Alphard ina karibu mita tano na upana wa milimita 1850, na mageti yetu hayakujengwa kwa ajili yake.

Naye umtunze. Dereva anayengoja mpaka saa nne usiku bila kula atafunga breki kwa hasira hata kama hataki. Ujue anasubiri wapi, kuna kivuli, kuna choo? Mlipe saa za ziada bila kuombwa. Akae kwenye kiti cha mbele wakati wa kukagua gari, mrekebishie, aone kama mgongo wake unakubali, kwa sababu kiuno chake kikiuma, wa nyuma naye atalijua. Na kabla ya kununua kabisa, kodi gari la aina hiyo hiyo kwa siku tatu pamoja na dereva wako. Utalipa kidogo, nawe utayajua ambayo hakuna muuzaji atakayekueleza.

Ile saluni fupi tuliiuza kwa hasara baada ya miezi michache. Safari ya pili sikwenda na fundi na mhasibu tu. Nilimwomba mkurugenzi saa moja ya mchana wake, dereva wetu akashika usukani, mimi nikakaa mbele na kukisogeza kiti changu kama ambavyo katibu wake angekisogeza. Tulikuwa na magari mawili ya kuchagua, moja jipya zaidi lenye rimu kubwa zinazong'aa, jingine la 2015, rangi ya kijivu, rimu ndogo, viti viwili vya kulala. La kwanza alikaa dakika ishirini akishika mkono wa juu ya dirisha. La pili tulitoka nalo Posta, tukapita Mwenge, tukaingia barabara ya vumbi nyuma ya Mbezi Beach, tukarejea lami. Tulipokaribia Tegeta nikageuka kumuuliza anaonaje. Alikuwa amesinzia, mkanda umefungwa, miwani mkononi. Nikamwashiria dereva asipige honi, tukageuza polepole kurudi mjini.